Sabuni ya Kofia na Kanga Watatu

Siku ya kuniaga, wafanyakazi wenzangu walinipa kapu kubwa lililofungwa utepe. Nilifika nalo nyumbani Gungu kwa bodaboda, nimelikumbatia kifuani, nikalifungua mezani mbele ya wajukuu. Majani ya chai, chumvi, kibiriti, mishumaa, sabuni. Kila kitu kilikuwa na jina la kampuni kubwa za mbali. Bidhaa za duka letu wenyewe, ambazo nimezipokea, nimezipima na kuzitetea hadi sauti ikakauka, haikuwemo hata moja. Nilicheka mpaka wajukuu wakaacha kugombania utepe. Kisha nikakasirika kidogo, na hasira hiyo ndiyo iliyonikalisha kuwaandikia nyinyi vijana mliobaki stoo.

Vyeo na mishahara nitavipita. Cheo nilikuwa nacho kimoja, mtunza stoo, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio huohuo mnaoulalamikia sasa.

Siku yangu ya kwanza nilifika na viatu vipya vya kisigino. Mzee Yahaya, mtunza stoo wa wakati huo, hakunisalimu wala hakuniuliza jina. Aliviangalia viatu, akasema, "Vua." Nikadhani ni dini. Kumbe stoo alikuwa akiikagua kwa nyayo. Sakafu ikiwa na unyevu, nyayo hujua kabla ya macho, na gunia la sukari lililokaa juu ya unyevu huo wiki moja huwa tofali. Basi nikatembea peku nyuma yake asubuhi nzima, yeye akiuliza, "Hapa je? Na hapa?" mimi nikijibu, "Baridi, mzee," hata pale ambapo sikusikia chochote. Alijua nadanganya. Akanirudisha mwanzo wa mstari, tukaanza upya.

Baada ya wiki mbili alinikabidhi bambo, kile kichuma chenye ncha na mfereji kinachochomwa ubavuni mwa gunia ili mchele utoke bila kulifungua. "Choma katikati," alisema. "Mzuri huwekwa juu ili uuone wewe." Alinifundisha kung'ata punje ya mchele na kusikiliza mlio wake, na kutupa majani ya chai kwenye maji baridi: yakitoa rangi papo hapo, hayo yamepakwa. Kibiriti alikijaribu kwa kuwasha njiti tatu karibu na uso, ndiyo maana nusu ya masharubu yake ilikuwa fupi kuliko nusu nyingine. Majina yaliyoandikwa kwenye maboksi hakuwa anayasoma. Alisema macho yake mabovu, lakini gazeti alilisoma lote hadi matangazo ya vifo.

Mzee Yahaya alipostaafu nikabaki mimi na bambo. Mambo yakaenda hivyo mpaka Alhaji, mwenye duka, aliposafiri kwenda Dar es Salaam kumwona mtoto wake. Huko akapelekwa kwenye duka moja kubwa, akaona rafu nzima ya bidhaa zenye jina la duka lenyewe. Alirudi hashikiki. "Mama Festo," aliniambia hata begi hajalitua, "kwa nini tuuze majina ya watu? Sisi hatuna jina?"

Jina alikuwa nalo, ila alitaka na picha. Akamwita fundi mchoraji wa Mwanga achore kofia yake ya viua. Fundi alichora alichoweza. Miezi ya mwanzo wateja walituuliza kama tumeanza kuuza sufuria, maana kofia ile ilionekana kama sufuria iliyopinduliwa juu chini. Lakini watu walizoea, na bidhaa zetu zote zikaitwa za kofia: chumvi ya kofia, chai ya kofia, kibiriti cha kofia.

Sasa swali mnaloulizwa kaunta kila siku, kama ya kofia ni sawa na yenye jina, mimi nimelijibu kwa miaka na jibu langu lilikuwa likibadilika kwa kila bidhaa. Chumvi ni chumvi. Anayekwambia ameonja tofauti ya chumvi na chumvi anatafuta punguzo. Chai tuliifunga wenyewe kutoka magunia yaleyale ya kiwanda kilekile kilichomfungia mwenye jina kubwa. Nililichoma kila gunia kwa bambo na naweza kula kiapo. Hata hivyo kulikuwa na mwalimu mmoja wa kike aliyeshikilia kwamba ya kofia inamuumiza kichwa. Nikampikia vikombe viwili bila kumwambia kipi ni kipi. Alikunywa cha kofia mpaka mwisho, akakisifu, akaomba tena. Nilipomwambia, alishika kichwa palepale.

Kibiriti cha kofia, kwa upande mwingine, kilikuwa balaa. Njiti ilikuwa inawaka vizuri, tatizo kichwa chake hakikutaka kubaki kwenye mti. Kiliruka. Ezekieli, mpakiaji wetu, mtu mzima mwenye heshima zake na mke na watoto, kilimrukia kikatoboa suruali mahali ambapo mke wake alidai maelezo. Tukakiondoa sokoni. Nawaambia haya ili msidhani natetea kila kilichopigwa kofia.

Lakini niliyokusudia kuwasimulia ni ya sabuni.

Sabuni ya kufulia yenye jina kwetu ilikuwa Kanga Watatu. Ilikuja kwa treni kutoka mbali, miche mirefu ya rangi ya njano, na mwambao mzima ulikuwa haujui nyingine. Alhaji akataka ya kofia. Mimi ndiye niliyempata mpishi wake, Bi Siwema wa Ujiji, mjane mwenye watoto watatu shuleni na viganja vilivyokuwa vigumu kwa kostiki, yale magadi makali ya kupikia sabuni. Alipikia uani kwake, mawese ya hapahapa mkoani, ndani ya pipa lililokatwa nusu. Uji wa sabuni ulipoiva aliumimina kwenye kasha la mbao, na ulipoganda aliukata miche kwa waya wa breki ya baiskeli, imenyooka kuliko ya kiwandani. Kabla ya kukata, alilamba. Ikiuma ulimi, kostiki imezidi. Nikalamba na mimi. Haikuuma. Ilikuwa na ladha ya sabuni, sina la kuongeza.

Alhaji alisita. "Mtu mmoja na pipa, Mama Festo?"

"Kwa Bi Siwema mimi nasimama dhamana, Alhaji."

Kwa kutupikia sisi, Bi Siwema aliwaacha wachuuzi wake wote wa sokoni. Hilo nililijua, na nilimhimiza. Nilimwambia stoo yetu itamtosha yeye na watoto wake, na kwa miezi kadhaa ikamtosha kweli.

Kisha siku moja akaja Mama Konsolata wa Mwamgongo. Huyu alikuwa akinunua bidhaa kwetu kwa niaba ya kina mama wa kijiji chake, anazipakia boti pale Kibirizi na kuwagawia huko kwao. Akinunua Mama Konsolata, vijiji vingine hadi Kagunga vinanunua. Akikataa, vinakataa. Siku hiyo hakuja na kapu tupu kama kawaida. Alikuja na katoni saba vichwani mwa watu saba.

"Mwakeye, Mama Festo."

"Mwakeye, mama. Mbona na mzigo?"

"Nimewarudishia maji yenu."

"Maji gani?"

"Haya mliyoyafunga karatasi mkayaita sabuni. Unafua shati, ukigeuka kuchukua suruali, sabuni haipo! Mche wa Kanga Watatu mimi nafulia wiki mbili. Huu wa kofia siku nne. Yewe, ni mimi niliyewauzia kina mama. Sasa nikipita kisimani wananiita Mama Kofia."

Alhaji alikuwa nyuma ya pazia la ofisi, na pazia halizuii maneno ya mwanamke wa Mwamgongo. Alipotoka alikuwa ameshaamua. Mwisho wa mwezi Bi Siwema aache, yeye ataagiza kiwandani. Nilimsihi. Nikamwambia maneno ya mteja mmoja si mizani, tufulie sabuni zote mbili mbele ya watu, tuone.

"Nenda," alisema. "Ila ukishindwa, habari za kuachishwa yule mama utampelekea wewe kwa mdomo wako."

Basi nikapanda boti na Ezekieli, mche mmoja wa kofia na mmoja wa Kanga Watatu kwenye mkoba, nimeifunga taulo kama vile ni ya kuvunjika. Mama Konsolata alikuwa ameshatangaza. Tulipotia nanga Mwamgongo ufuo ulijaa watu kama wanasubiri mgombea. Masharti aliyaweka yeye: nguo kumi kila mmoja, zote za wavuvi wa dagaa, mawe yaleyale, maji yaleyale ya ziwa, na miche imekatwa urefu mmoja kwa kupimwa na uzi. Yeye afulie Kanga Watatu, mimi nifulie ya kofia.

Kama hamjawahi kufua nguo ya mvuvi wa dagaa, niwaambie kwamba haifuliwi, inabembelezwa. Nilianza kwa nguvu zote. Nilisugua kana kwamba Alhaji amesimama nyuma yangu. Mama Konsolata alifua polepole, akizungumza na watu, akiuliza habari za mgonjwa wa nani. Kufikia nguo ya sita mkono wangu ulikuwa unashika kitu laini kama ugali. Kufikia ya tisa nilikuwa nafulia tumaini. Nguo zilipoanikwa, zote ishirini zilikuwa safi sawasawa, na Mama Konsolata, ambaye ni mtu wa haki, alisema mwenyewe, "Kutakata zimetakata." Kisha akainua kipande chake, karibu nusu ya mche, na watu wakageuka kutazama changu. Kilikuwa kidogo kuliko kidole gumba.

Hapo ndipo alipouliza, bila ubaya wowote, "Na wewe Mama Festo, kwako unafulia ipi?"

"Ya kofia," nikasema. "Ipi tena?"

Ezekieli alikuwa ameketi juu ya jiwe akila muwa. "Mama Festo," alisema, na nawaapia alisema kwa nia njema kabisa, alidhani nimesahau, "na ile katoni ya Kanga Watatu niliyokuletea Gungu juzi?"

Mwamgongo nzima ilicheka. Walicheka kwa Kiha na kwa Kiswahili. Kuna bibi mmoja alilazimika kukalishwa chini. Niliona aibu ambayo sijaipata tena, hata siku niliyoanguka kanisani na kuvuta kitambaa cha altare. Maana ilikuwa kweli. Nilikuwa nimewauzia watu sabuni ambayo mimi mwenyewe sikuifulia, na nilimsimamia dhamana Bi Siwema kwa ulimi wakati mikono yangu iko kwingine. Sikuwahi kuijaribu nyumbani hata siku moja. Nilizoea tu ile nyingine, kama mama yangu alivyoizoea.

Mama Konsolata hakuniacha niondoke na njaa. Alinipeleka jikoni kwake, akanipakulia ugali na migebuka. Nilikula nimeinamisha kichwa. Mtu akiinamisha kichwa sana shingo huchoka, basi nikakiinua, na juu ya mafiga, kwenye uchaga, nikaona miche ya Kanga Watatu imepangwa kwa kupishana, safu juu ya safu, imeiva kwa moshi.

"Ile inafanya nini huko juu?"

"Inakaa," alisema. "Sabuni ya bei vile utaifulia mbichi? Si inaisha bure! Inakaa mwezi, ikishuka ni ngumu, hata ukiiacha majini haijali."

"Na ile ya kofia uliiweka wapi?"

"Ya kofia? Ile si rahisi? Nilifulia siku ileile."

Nikaacha kutafuna. Nyumbani kwangu Gungu, Kanga Watatu nilikuwa naipanga juu ya kabati wiki kadhaa kabla ya kuigusa, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Mama yangu alifanya hivyo. Kila mwanamke ninayemjua alifanya hivyo kwa sabuni aliyoinunua kwa uchungu. Isitoshe, Kanga Watatu ilikuwa imeshalala kwenye maghala na mabehewa hata kabla haijatufikia. Ya kofia, mimi mwenyewe niliitoa kwa Bi Siwema Jumanne, na Alhamisi ilikuwa kwenye boti. Na kwa kuwa ilikuwa rahisi, hakuna aliyeiona inastahili kupandishwa juu ikapumzika. Tulikuwa tumewashindanisha mtu aliyelala usingizi wa kutosha na mtu aliyekesha msibani.

"Ego! Ndivyo!" alisema Mama Konsolata nilipomweleza, akapiga makofi mara moja. Kisha akaongeza kwamba hata hivyo katoni zake saba hazichukui tena.

Nilishuka Kibirizi nikaenda moja kwa moja Ujiji. Bi Siwema alikuwa anachochea kuni.

"Bi Siwema, sabuni yako inatakiwa kukaa muda gani kabla ya kutumika?"

"Wiki nne. Mvua zikizidi, sita."

"Sasa mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, mama." Alisema kwa upole, na upole huo ulinichoma kuliko kicheko cha Mwamgongo. "Ulikuja na gari, ukasema Alhaji ana haraka, mkapakia bado ina joto. Nikajua mna mahali penu pa kuianika. Stoo kubwa vile! Kwani kuna tatizo?"

"Hakuna," nikasema. Ulikuwa uongo wa pili ndani ya siku mbili.

Usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi nikaingia kwa Alhaji kabla hajamaliza kahawa yake ya tangawizi. "Shikamoo, Alhaji. Nimeshindwa Mwamgongo. Lakini kosa si la Bi Siwema, ni langu. Mimi ndiye mtunza stoo. Nilitoa mzigo kabla haujakauka. Kama ni kumwachisha mtu, niachishe mimi."

Alizungusha kikombe. "Nimesikia pia kwamba nyumbani unafulia Kanga Watatu."

"Ndiyo, Alhaji." Ezekieli alikuwa ametangulia kazini.

Alhaji akachungulia nje ya pazia, akalivuta vizuri, akashusha sauti. "Basi tuko wawili. Bi Mkubwa ya kofia ameipiga marufuku isivuke mlango wa uani. Na kofia ni yangu!"

Sikujua kama naruhusiwa kucheka, nikakohoa. Alinipa mwezi mmoja na nusu, bila raha. "Bidhaa iliyolala haizai, Mama Festo," alinung'unika. "Hata mimi sijapata kulala mwezi na nusu." Lakini alinipa, na aliahidi kwamba nikimwonyesha sabuni inayodumu, Bi Siwema atabaki.

Msidhani kukausha sabuni ni kuiweka chini na kusubiri. Ilikuwa masika. Kona ya stoo niliyoichagua, nyayo zangu zenyewe ziliniambia haifai na sikuzisikiliza. Wiki ya kwanza miche ilitoka jasho. Wiki ya pili panya wakaigundua. Sabuni ya mawese kwao ni pilau. Walipita katikati ya katoni za Kanga Watatu bila kuzigusa, wakaja kula ya Bi Siwema. Nilimwambia Alhaji huo ni ushahidi wa ubora wa mawese. Hakuona hivyo. Ikabidi niiokoe iliyobaki, na mahali pekee palipokuwa na upepo wa kutosha na mtu wa kufukuza wanyama ni kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, Kibirizi. Mama mmoja mwenye vichanja aliniazima viwili. Nikapanga miche kwa kupishana, nikaifunika chandarua cha zamani dhidi ya jua kali, na kila jioni nikawa napita kuigeuza. Ilikauka vizuri ajabu. Ilikuwa ngumu, ukiigonga inalia ko, ko. Tatizo lilikuwa moja tu, na niliona dalili zake siku paka watatu waliponifuata hadi kituo cha bodaboda.

Tulirudi Mwamgongo na mche mmoja. Ezekieli nilimkalisha mbali, nikampa miwa miwili. Masharti yakawa yaleyale, nguo kumi kumi. Mama Konsolata aliushika mche wetu, akaugonga kwa kucha, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaunusa.

"Hii mmeipika na dagaa?"

Nilianza kueleza habari za vichanja na upepo, sentensi ikanipotea katikati. Nilimwona Bi Siwema akilini, na watoto wake na sare zao, na mimi nikisimama uani kwake nikitafuta pa kuanzia. Ndipo yule bibi aliyekalishwa chini safari iliyopita akasema kwa sauti, "Kwani nguo za hapa zinanuka nini siku zote? Maua? Fueni!"

Tukafua. Safari hii sikukimbia. Niliuliza na mimi habari za wagonjwa. Nguo ya kumi ilipoanikwa tulileta vipande viwili, tukavilaza juu ya jiwe, tukavipima kwa uzi. Kanga Watatu ilizidi kwa unene wa kucha.

"Na bei yenu?" aliuliza Mama Konsolata. "Mmepandisha?"

"Ileile ya zamani."

Akapiga hesabu kwa midomo, kimyakimya. "Basi imeshinda," alisema, akaagiza katoni kumi na mbili, kwa sharti kwamba zianikwe mahali pengine.

Hivi ndivyo mlivyokuta kile kibanda cha waya nyuma ya stoo mnachotundikia makoti yenu. Kilijengwa kwa ajili ya sabuni. Tafadhali toeni makoti. Na mteja akiwauliza kama ya kofia ni sawa na yenye jina, msimjibu haraka. Muulizeni kwanza atakavyoitunza, maana nimeona chai nzuri ikiachwa wazi kwa kuwa ni rahisi, na chai mbovu ikifungiwa kwenye kopo la bati na kupewa ufunguo.

Siku ya pili baada ya ushindi nilikwenda Ujiji, na safari hii nilimweleza Bi Siwema yote. Nilimweleza kuhusu katoni saba, kuhusu nguo za wavuvi, kuhusu kwamba alikuwa amebakiza wiki chache aachishwe na hakuna aliyemwambia, hata mimi. Alisikiliza akikoroga. Nilitegemea anikaripie, na nilistahili.

"Sasa sabuni ilipokuwa inaisha upesi," alisema, "Alhaji alisema ni ya nani?"

"Alisema ni ya… ni ya Bi Siwema."

"Na juzi iliposhinda, huko Mwamgongo walisema ni ya nani?"

"Ya kofia."

Akautoa mwiko kwenye pipa, akaugonga ukingoni mara mbili ili uji usipotee bure. "Kamwambie Alhaji nataka jina langu liandikwe."

Katika miaka yangu yote hakuna mpishi, mkulima wala mfungaji aliyewahi kuomba hivyo, na sikuwahi kufikiri kwamba wangeweza. Nilipomfikishia Alhaji alizunguka stoo siku mbili. Akiandikwa jina si ataondoka nalo? Nikamwambia mtu wa kuondoka angeshaondoka siku alipojua tulichotaka kumfanyia. Siku ya tatu akakubali, ila kwa herufi ndogo, na chini kabisa.

Karatasi mpya za kufungia sabuni zilipotoka kwa mchapishaji nilichukua moja, nikaipeleka Ujiji mwenyewe. Bi Siwema alikuwa na mikono michafu, akakataa kuigusa. Akasogeza uso. "Wapi?"

"Hapa chini."

"Herufi gani hizi? Za mbu?"

"Ndizo alizokubali Alhaji."

Akasema nisubiri. Aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka amenawa na amevaa kanga mpya ambayo bado ina mikunjo ya dukani. Akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mgongo, akaelekeza kidevu upande wa ua wa jirani.

"Isome, Mama Festo. Kwa sauti."

Nikasoma: "Imepikwa na Siwema, Ujiji."

Ng'ambo ya ua mchi wa jirani ulikuwa umesimama kutwanga.

"Soma tena," alisema Bi Siwema.

Nikasoma tena.